Kikwembe cha Tausi

Jumapili ya wanandoa, katika kanisa lao pale Likasi, mume na mke huvaa kikwembe kimoja, kitenge cha sare, kisha pasta huita: kila bwana asimame karibu na nguo yake. Hapo watu wote hujua nani ni wa nani.

Philomène, muuza vikwembe sokoni, alichagua chenye tausi wa kijani. Miaka ishirini na miwili ya ndoa alishika mafundisho ya mama wa kanisa: pika vizuri, usiulize maswali, bwana hataondoka. Alipika. Hakuuliza. Hata mumewe Germain alipoomba kipande kingine cha tausi, "cha dada yangu wa Kakanda," alikata bila neno.

Alhamisi akapita kwa Octave, fundi asiyejua kufunga mdomo.

"Mama Philo, libaya yako ya kuvaa Jumapili iko tayari. Ya Orpha, baba alishaibeba."

"Orpha nani?"

"Si ule mwenye kuuzisha mikate ku Kamatanda hapa mujini, anasali na sisi kanisani? Baba anasema ni dada yake." Octave alicheka, kisha akauona uso wa mama. "Mama, minye sikusema kitu!"

"Na hautasema. Weye utashona. Uko na kazi mpaka Jumapili."

Kumbe mzee alitaka shati lake moja la tausi liwaridhishe wanawake wawili, mmoja kando yake, mwingine benchi la nyuma, kila mmoja akijiona ndiye mwenyewe! Philomène alibeba robota zima la tausi, akawagawia wajane wa kanisa, thelathini na saba. Cherehani ya Octave ilifuka moshi hadi majirani wakadhani tanuru la shaba limehamia mtaani.

Jumapili, Germain aliingia kifua mbele. Pasta akaita. Philomène alibaki kwenye benchi, ndani ya nguo nyekundu ya zamani. Wajane wakasimama wote, kijani tupu, kama shamba la mahindi lililoota miguu. Orpha alijitazama, akawatazama, akatoka kwa mlango wa pembeni. Wanasema sasa anakaa Kakanda, amekuwa dada wa kweli.

Mama Suzanne, mjane mwenye jino moja, akamshika Germain mkono. "Bwana yetu! Minye njo bibi mukubwa. Paa yangu inavuja."

"Na minye mulango yangu ni mubovu!" akadakia mwingine.

Kanisa likaangua kicheko. Pasta mwenyewe alijificha nyuma ya Biblia.

"Philo, sema kitu, tafazali," Germain akanong'ona.

"Minye nilifundishwa kunyamaza. Enda kwa bibi zako. Ukimaliza nyumba ya mwisho, kuja gonga. Nitaangalia kama ninafungua."

Tangu siku ile Germain analala kwa kaka yake. Jumamosi iliyopita alikuwa juu ya paa la mjane wa tisa, nyundo mkononi, jua la mchana likimchoma kisogo. Philomène akaja na sahani ya ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, mvuke ukipanda. Germain akaanza kushuka ngazi, mate yakimjaa.

Philomène akakaa chini ya ngazi, akala mwenyewe, polepole, akimtazama mpaka tonge la mwisho. Miaka yote ile ya kupika, hakuwahi kuonja bukari tamu namna ile.