Goti la Ċikku Psaila

Ċikku Psaila aliichezea timu ya taifa ya Malta miaka tisa, beki wa kati. Mimi nilikuwa kipa wake. Tulifungwa mabao mengi na nchi kubwa, nayajua yote, lakini hakuna aliyempita Ċikku kirahisi.

Goti lake liliuawa hapa hapa nyumbani. Mwenyekiti wa klabu yetu ya kijiji, Fredu Xiberras, alitaka ubingwa. Goti la Ċikku lilikuwa limevimba. Daktari akamchoma sindano ya ganzi, akacheza, tukashinda, kijiji kikapiga fataki mpaka mbwa wakakimbilia mashambani. Jezi ya taifa hakuivaa tena. Watu wakaigeuza hadithi tamu: Ċikku alicheza kwa mguu mmoja kwa kuipenda klabu. Kila alipoisikia kwenye baa ya klabu, aliacha chai yake akaondoka.

Mwaka jana tulikuwa tunapigania tusishuke daraja. Xiberras, bado mwenyekiti, akamwalika Ċikku aje kuwatia moyo wachezaji. Siku hizi nawanoa makipa, kwa hiyo nilikuwepo. Ċikku alishuka ngazi za chumba cha kubadilishia nguo ubavuubavu, ameshika ukuta. Mezani amelala beki wetu, Jurgen Bonavia, kifundo cha mguu kimeumuka kama mkate. Daktari anavuta dawa kwenye sindano.

"Afadhali umefika," Xiberras akasema. "Mwambie huyu ulivyofanya wewe."

Ċikku akamtazama Jurgen. "Unaumwa?"

"Sana, mzee. Ila wanasema ganzi ikishika..."

"Mimi nilifanya nini, Fredu? Sema!"

"Ulicheza kiume."

"Uliniambia nisipocheza nisikanyage tena hapa! Nililia juu ya meza hii hii, ukafunga mlango mke wangu asisikie! Leo goti halikunjiki, navalishwa soksi, halafu wewe unanitembeza kama mfano?"

"Punguza sauti, wachezaji wanasikia."

"Na wasikie!" Akampokonya daktari ile sindano, akaipondaponda kwa kisigino. "Jurgen, shuka. Nenda nyumbani kwa mama yako."

"Tukishuka daraja," Xiberras akasema, "kijiji kitakutafuna mzima mzima."

"Waje. Waanzie hapa gotini."

Jurgen hakucheza. Tulifungwa mbili bila, tukashuka.

Picha ya Ċikku iliyotundikwa kwenye baa ya klabu ikaondolewa. Asubuhi iliyofuata mimi na yeye tukaenda kununua pastizi, sambusa zetu za jibini, na muuzaji, Nenu, mtu aliyesoma na Ċikku shule moja, akasema zimeisha, huku trei nzima inafuka moshi nyuma yake.

Ċikku akapiga kaunta ngumi. "Zimeisha, au mimi ndiye nimeisha?"

"Kamwombe Jurgen akupikie," Nenu akajibu, na foleni nzima ikacheka.

Baada ya wiki chache mama yake Jurgen alimletea Ċikku sinia la makaroni ya kuoka. Nilikuwa sebuleni kwake.

"Sikutaka shukrani, Ġiża," Ċikku akamwambia. "Nataka tu asirudi kwa yule mtu."

Mama akainamisha macho. "Amesharudi, Ċikku. Jana ameanza mazoezi. Kifundo bado hakijapona."

Ċikku akalisukuma sinia kando. Uso ulimwiva. Akachukua kofia yake, akatoka, akaanza kupanda kilima cha kwenda mazoezini uwanjani akichechemea na kutukana kwa sauti, mimi nyuma yake namsihi apunguze mwendo, na wala hakupunguza.