Swichi ya Viegemeo vya Nyuma

Viegemeo viwili vya kichwa vya kiti cha nyuma vilikuwa vimelala chali miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyejali, kwa sababu hakuna aliyekaa nyuma. Gari lenyewe lilikuwa zee la rangi ya maziwa, refu, zito, la enzi zile ambazo kiwanda kikitengeneza gari kilitengeneza gari kweli. Vijana wa mtaani walilicheka likipita, kisha mvua ikinyesha wakaomba lifti. Mlango mmoja haukufunga bila kubembelezwa. Redio ilisema upande mmoja tu. Dada Mkubwa, mwenye gari, alikuwa fundi cherehani aliyevuka hamsini, na kila aliposhauriwa aliuze alijibu kwamba hata mgongo wake una hitilafu lakini bado hajaupeleka kwa wauza vipuri.

Mambo yalibadilika Mama yake alipofariki na Baba akahamia kwa huyu binti yake.

Mzee alikuwa dereva maisha yake yote. Aliwaendesha wakubwa, na hili gari ndilo alilojinunulia mwenyewe, akalitunza kuliko wengine wanavyotunza ng'ombe wa maziwa, hadi alipomwachia binti yake. Sasa ugonjwa ulikuwa umempitia upande wa kulia: mguu umegoma kukanyaga breki, na shingo imelegea. Kila wiki ilibidi apelekwe hospitali kwa mazoezi ya viungo. Siku ya kwanza Dada Mkubwa alimfungulia mlango wa mbele. Mzee akautazama mto mdogo wa kitambaa aliokuwa akiukalia Mama ili aone barabara vizuri. Ulikuwa bado uko pale pale.

"Hicho kiti kina mwenyewe," akasema, akajikongoja hadi mlango wa nyuma.

Basi akakaa nyuma, yeye ambaye hakuwahi kukaa nyuma ya gari lake tangu alinunue. Barabara ilikuwa na mashimo. Dada Mkubwa akimtupia jicho kwenye kioo alimwona ameishika shingo yake kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba kitu cha kuazima.

"Baba, unaumia?"

"Niko sawa tu."

Hakuwa sawa. Jioni hiyo alikula kidogo akaenda kulala mapema, na mwezi mzima uliofuata ikawa hivyo kila wakitoka hospitali. Mazoezi yanamjenga, safari inambomoa. Kisha akaanza kusema hana haja ya kwenda. Dada Mkubwa aliogopa, kwa sababu alijua baba yake akishaacha kutoka ndani, ndiyo basi tena.

Akalipeleka gari kwa fundi umeme wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Waya, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Waya akaingiza kichwa na mabega kwenye buti, miguu ikabaki nje, akagongagonga, akatoka na vumbi kwenye nyusi.

"Mota imekufa, Mama. Zamani ukibonyeza swichi pale mbele, viegemeo vinalala dereva aone nyuma. Ukibonyeza tena vinainuka. Sasa vimelala moja kwa moja."

"Vinatengenezeka?"

"Nikipata mota kwenye magari yaliyokufa, vinatengenezeka. Ila mimi ningekushauri tuviinue kwa mkono, nipige skrubu mbili nene, visiende popote. Mzee anaegemeza kichwa leo leo. Na nikuambie ukweli, swichi ikifanya kazi halafu ukaibonyeza kwa mazoea, Mzee ameegemea, shingo yenyewe hiyo… Utajilaumu."

Hilo la mwisho lilimwingia. Akaomba apewe siku ya kufikiri. Njiani akampigia simu mdogo wake wa kiume, kitindamimba, aliyekuwa mbali kikazi.

"Dada, unafikiri nini sasa? Piga skrubu," mdogo wake akasema. "Lakini unakumbuka 'Vichwa'?"

Kuulizwa tu huko kukamharibia siku.

Nani angesahau? Nyumba yao ilikuwa mwisho wa uchochoro, na kila asubuhi gari lilitoka kwa kurudi nyuma, kati ya kuta mbili zilizolibana. Baba alikuwa na sheria moja: dereva haguswi na haraka ya mtu mpaka ameona nyuma. Mama mbele juu ya mto wake, watoto wawili nyuma na mikoba yao. Baba angeangalia kioo, angeweka kidole kwenye swichi, na kabla ya kubonyeza angepiga ukelele, "Vichwa!" Wakainama wote wawili, vipaji vya nyuso magotini. Pu! Viegemeo vikalala. Aliyechelewa kuinama kichwa kilikosa pa kuegemea kikarukia nyuma, na Baba, bila kugeuka, alisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe leo umepona kwa shingo." Mama alicheka kila siku. Utani ule ule, miaka ile yote, na alicheka kila siku kana kwamba ndiyo kwanza anausikia.

Dada Mkubwa alitamani kuisikia tena ile pu. Aliona aibu kuitamani, maana shingo ya baba yake si kitu cha kuchezea kwa ajili ya kumbukumbu za mtu.

Usiku alipompelekea Mzee dawa alimuuliza. "Baba, ile nyuma tupige skrubu au tuweke mota? Gari ni lako, sema wewe."

Mzee akameza dawa, akarudisha glasi.

"Mimi siku hizi ni abiria, mwanangu. Abiria haulizwi."

Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Dada Mkubwa akaketi jikoni peke yake, akalia kidogo, akajifuta na upindo wa kanga, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi tayari.

Asubuhi alikuwa gereji kabla Waya hajavaa ovaroli.

"Weka mota."

"Mama, nilikuambia kuhusu ile swichi…"

"Swichi iondoe pale mbele. Nisiione, nisiifikie. Ipeleke nyuma, kwenye mlango wake, pale anapoweka mkono wa kushoto. Ule ni mzima."

Waya akakuna kichwa. "Tangu lini abiria akawa na swichi yake?"

"Huyo si abiria," Dada Mkubwa akasema.

Mota ilitafutwa, ikapatikana, ikagoma, ikabembelezwa, na gari likarudi nyumbani viegemeo vimesimama wima kama masikio ya punda. Hakumwambia Mzee kitu. Siku ya hospitali ilipofika alimbembeleza mpaka akakubali, akamwingiza nyuma, akamfunga mkanda. Kichwa cha Mzee kikatua kwenye kiegemeo. Akashusha pumzi, akafumba macho. Lile tu lingetosha, na Waya angesema skrubu zingefanya hivyo hivyo.

Dada Mkubwa akawasha gari, akaweka gia ya kurudi nyuma, akatazama kioo. Hakuona uchochoro wa nyumbani kwake, mwembamba kama ule wa utotoni. Aliona viegemeo viwili na nywele nyeupe.

"Baba, sioni nyuma," akasema. "Swichi iko kwako huko, mlangoni. Mimi huku sina."

Kwenye kioo akaona macho ya Mzee yamefumbuka. Mkono wa kushoto ukapapasa mlango taratibu, ukapita kishikio, ukafika, ukatulia. Mzee akakaa vizuri. Akaivuta shingo yake mbele pole pole, kwa taabu, mwenyewe, bila kushikwa na mtu, mpaka kidevu kikagusa kifua. Injini ikanguruma ikisubiri. Dada Mkubwa hakumharakisha.

"Vichwa!"

Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa ile ile. Na Dada Mkubwa, mtu mzima aliyevuka hamsini, aliyekaa mbele ambako hakuna chochote cha kumwangukia, akainama mara moja, kipaji cha uso juu ya usukani.

Pu.

Uchochoro wote ulikuwa wazi nyuma yao, lakini yeye alibaki ameinama hivyo hivyo, mabega yakitikisika, mkono mmoja umeshika ule mto mdogo wa kitambaa pembeni yake.

"Dereva," Mzee akasema kutoka nyuma, "mbona hatuendi?"