Karabai Inayomulika kwa Khole

Humaidi alimtundikia shemeji yake karabai usoni, tena makusudi, na asije mtu hapa akatuambia ilikuwa bahati mbaya. Kaka yake ndiyo kwanza kazikwa, mjane wake Khole yumo edani, naye Humaidi akasimika mlingoti barazani pa duka lake, palepale Tabora mjini, akapachika taa juu. Mwanga ukavuka ukuta mfupi uliotenganisha duka na nyumba ya Khole, ukamwagika wote uani kwake. Kila magharibi wanaume waliokuwa wakinywa kahawa pale dukani wakawa wanamwona akitawadha, mjane asiyetakiwa kuonwa na mwanamume wa kando.

"Shemeji, funika taa upande wangu," Khole alimwambia kutoka nyuma ya mlango.

"Biashara haifanywi gizani, shemeji. Kama mwanga unakuudhi, kakae eda kwa ndugu zako Ujiji."

Ahaa! Kumbe ndiyo hiyo! Nyumba ile ilikuwa mahari ya Khole, mali yake halali, na Humaidi alikuwa akiimezea mate tangu siku ya ndoa. Khole akitoka tu na mizigo yake, kufuli jipya litaning'inia mlangoni. Alilia kwa hasira, kisha akafuta machozi, akamvalia njuga.

Humaidi alijiamini kwamba mjane wa eda hatoki. Mtu mzima, kasoma chuoni, asijue kwamba mjane mwenye dharura ana ruhusa kutoka mchana, mradi alale kwake! Khole akajitanda buibui, akaenda bomani. Huko akaambiwa amri ya mji iko wazi: taa ya nje isimulike kwa jirani ila kwa ridhaa ya jirani mwenyewe. Wakataka kumpa askari papo hapo.

"Hapana," akasema. "Aje Alhamisi, baada ya magharibi."

Alhamisi ilikuwa arusi ya Tufaha, binti yake Humaidi, palepale barazani. Tufaha hakuwa na kosa lolote. Khole alilijua hilo, akalimeza.

Siku ilipofika Humaidi aliongeza taa, baraza ikawaka utadhani mchana. Wazee wa upande wa bwana arusi wamekaa, pilau inapakuliwa, mara askari Alois huyo.

"Mzee, zima zote mpaka uzifunike kwa bati. Au jirani yako aridhie."

Bati atalitoa wapi saa hizo? Akaenda mlangoni kwa Khole jasho likimtiririka, askari na wazee nyuma yake.

"Shemeji, nakuomba. Usiniaibishe mbele ya wakwe."

"Waambie kwanza taa hii uliitundika kwa nini," Khole akajibu toka ndani. "Sema kwa sauti."

Humaidi akajikohoza. "Nilitaka ahame," akasema. "Nyumba ni yake, ya mahari. Niliitamani."

Wazee wakaguna. Mmoja wao akasema, "Tumesikia, nasi ni mashahidi."

"Basi, shemeji, umeridhia?" Humaidi akauliza, akidhani yamekwisha.

Roho ya Khole ikasuuzika. Nyumba imepona, na angeweza kuishia hapo. Ng'ambo ya ukuta wanawake walishaanza vigelegele, wanajiandaa kumtoa Tufaha.

"Sijaridhia," akasema. "Alois, mwanangu, zima."