Geti Halina Paa

Mume wangu hanipigi. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu huuliza hilo kwanza. Hata wakili wangu aliuliza, na nilipojibu hapana nikamwona analegeza kalamu, kana kwamba nimemwambia basi, sina kesi. Halewi wala halali nje. Mtaani wanamwita Bwana Mita kwa sababu kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba kusoma mita za umeme, na akirudi nyumbani mita ni mimi. Nikienda sokoni anaangalia saa, nikirudi anaangalia saa. Simu ikilia, "Nani huyo?" Mteja akicheka kwa nguvu saluni kwangu, jioni naulizwa alichekeshwa na nini. Na ikifika saa moja jioni, kuwe na mvua au mwezi, anafunga geti kwa kufuli, nalo ndilo njia pekee ya kutokea, hata ya saluni, ufunguo unaingia mfukoni mwa suruali yake, na suruali anailalia.

Usiku dada yangu alipozidiwa akiwa na uchungu wa kujifungua, habari zake nilizipokea kwa simu nimeshika nondo za geti. Nilimwomba mume wangu ufunguo. Akasema, "Hospitali ina madaktari, wewe utaongeza nini?" Mtoto hakupona. Dada hajawahi kunilaumu, lakini mimi siku ile ndoa yangu iliisha, iliyobaki ni karatasi tu.

Kwa hiyo nataka talaka. Na nataka upande wangu wa nyumba, ule wenye saluni. Matofali ya chumba kile niliyabeba mwenyewe nikiwa na mimba ya binti yetu, ambaye sasa kaolewa mbali. Sinki na mashine za kukaushia nywele zimetoka kwenye vidole hivi. Wateja wangu wananijua pale, barabarani, chini ya kibao changu. Nitoe pale, mimi ni mwanamke mwenye chanuo mkononi, basi.

Sasa, kila Alhamisi mchana redio huwa na kipindi cha hukumu mpya za Mahakama ya Juu. Msinicheke. Saluni kwangu kipindi hicho kinapendwa kuliko muziki. Mtangazaji ana sauti ya mtu aliyeamshwa sasa hivi, lakini mambo anayosoma ni moto. Kuna mlinzi aliyefukuzwa kazi kwa kusinzia, majaji wakasema arudishwe kwa kuwa hakupewa nafasi ya kujieleza. "Ajieleze nini, na alikuwa anakoroma?" akauliza mteja wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mdomo haujui breki. Kuna wauza maji waliokataa kodi wakashinda. Kuna majirani wawili walioshtakiana kwa sababu ya jogoo, kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka kule juu kabisa, na jogoo mwenyewe alishaliwa zamani. Sisi huwa tunahukumu kabla ya majaji, na mara nyingi tunapatia.

Mpaka Alhamisi ile. Kwanza akasoma kesi ya ardhi: mwenzi anayehama nyumba ya ndoa kwa hiari yake, bila kufukuzwa, ameiacha mwenyewe haki yake juu ya nyumba hiyo. Sawa, nikasema moyoni, mimi sihami. Nilishaweka ukuta wa mbao katikati ya nyumba, yeye kule na jiko lake, mimi huku na langu, tunakutana getini tu. Nikaendelea kusuka. Kisha akaingia kwenye kesi ya ndoa. Mume na mke fulani walikuwa wameweka ukuta vilevile, kila mtu na sufuria yake, wakaomba talaka kwa madai kwamba wameshatengana. Mahakama ya Juu ikasema hapana: maadamu wanaishi chini ya paa moja lililoungana, hawajatengana, na wasipotengana hakuna talaka.

Chanuo likanidondoka.

"Shoga," mwalimu akageuza shingo, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, "si ndiyo wewe huyo? Ukitoka umepoteza nyumba, ukibaki umebaki na Bwana Mita."

"Nimesikia, sina uziwi."

"Basi kata paa!"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, halafu nikaona sicheki.

Kesho yake nilikuwa ofisini kwa wakili. Ni mwanamke mdogo kwangu, ananiita mama, na ana feni inayolia kuliko inavyopuliza. Nilimwambia maneno ya mwalimu kama utani, nione atafanyaje. Akatabasamu, akavuta ile hukumu, akaisoma huku anatembeza kidole. Tabasamu likaisha.

"Mama, hebu subiri. Hawakusema nyumba moja. Hawakusema ukuta. Wamesema paa moja lililoungana, na wamelirudia neno hilo tena na tena. Majaji hawarudii neno bure."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo likikatwa haliungani."

"Na geti? Geti ni moja, na anafunga yeye."

"Geti halina paa, mama," akasema, na sote wawili tukacheka mpaka karani wake akachungulia mlangoni. Lakini alikuwa hatanii. Alipeleka maombi mahakamani, tukapangiwa siku ambayo afisa wa mahakama atakuja kutazama tunavyoishi na kuandika anachokiona.

Nikamleta fundi wa paa. Alinisikiliza, akaniangalia, akamwangalia mwalimu aliyekuja kushuhudia. "Watu huniita niwazibie, mama. Wewe wa kwanza kuniita nikutobolee." Lakini alipanda. Alikata bati na mbao zake, kutoka mbele mpaka nyuma juu ya ule ukuta wangu wa mbao, akaacha mwanya wa kupitisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Jua likaingia ndani ya nyumba kwa mstari mmoja ulionyooka, nikasimama pale chini natazama juu kama mjinga, machozi yananitoka kwa furaha. Mbingu nyumbani kwangu! Fundi alitaka aweke mfereji wa kupokea maji. Wakili akakataa kwenye simu, akasema mfereji ukigusa pande zote mbili watadai tumeunganisha, tungoje afisa apite kwanza. Kiangazi kilikuwa bado kikavu. Tukakubaliana tungoje.

Na Bwana Mita? Nilitegemea vita. Nilikuwa nimejifunga kibwebwe, maneno yangu yote nimeyapanga. Yeye alisimama uani, mikono mfukoni, hana hili wala lile. Fundi aliposhuka kunywa maji, akamwomba ngazi. Akapanda, akakaa kule juu kidogo, akashuka, akajipangusa mikono.

"Kazi nzuri," akasema, akaingia kwake.

Ningejua! Lakini mimi nilikuwa naringa, nikamwambia mwalimu, "Umeona? Kaishiwa pumzi."

Siku moja kabla ya afisa kuja, mchana, mawingu yakaja bila hodi. Nilikuwa na wateja watatu, mmoja ndani ya ile mashine ya kukaushia, kofia imemfunika mpaka masikioni, anasoma gazeti. Tone la kwanza likaanguka kwenye gazeti lake. Kisha, loo, mbingu ile niliyoililia ikamwagika yote ndani. Maji yaliteremka kwenye ule ukuta wa mbao yakaja moja kwa moja kwenye soketi zangu. Kitu kikalia tss. Mteja akapiga ukelele, akataka kusimama na kofia kichwani, mimi namvuta, mwingine anakimbilia barabarani na povu. Nywele bandia za mtaji wa miezi zinaelea. Nilimwona yule mama ameshakufa, niko gerezani, saluni imefungwa.

Nikamwita mume wangu. Jina lake la kweli, ambalo sikuwa nimelitamka sijui tangu lini. "Njoo! Umeme! Njoo!"

Akaja. Alizima umeme kule kwake kwenye swichi kubwa, akatoka na ngazi na turubai la bluu. "Shika huku," akasema. Nikashika. Yeye akagongelea upande wake, kisha akanirushia nyundo, nami juu ya meza nikagongelea upande wangu, maji yananiingia puani, namshukuru Mungu kwamba turubai limetosha. Limekaa sawasawa, halikuzidi wala kupungua. Maji yakakatika. Mvua ikawa inapiga ngoma juu ya plastiki, sote tumelowa chapachapa.

"Asante," nikamwambia. Lilitoka moyoni. Na kwa dakika moja, nasema kweli, nilimwonea huruma na nikajiona mbaya.

Mvua haikukatika. Nililala naisikiliza. Alfajiri ndipo akili ikanirudi: afisa! Niliruka kitandani. Meza haikunifikisha pa kushikia vizuri. Mchana ule hofu ndiyo iliyonirefusha. Ngazi iko kwake, mlango wake umefungwa. Nilivuta turubai kwa mpini wa ufagio, likanicheka. Upande wake alikuwa amepinda misumari na kuongeza waya. Nikataka kutoka nikaazime ngazi ya fundi. Geti lilikuwa na kufuli bado, siku zote hulifungua alfajiri, siku ile hakuwa na haraka. Alilifungua afisa alipogonga.

Afisa alikuwa mtu mpole mwenye mwavuli, akatusalimia vizuri, shikamoo akaiitikia kwa aibu maana mimi na yeye tulikuwa rika. Alitazama ukuta wa mbao, majiko mawili, vitanda viwili, akawa anaandika na kutikisa kichwa kwa kukubali. Moyo wangu ukaanza kupanda. Kisha akatazama juu.

"Hiki ni nini?"

"Ni turubai tu, bwana. Mvua ya jana. Paa limekatwa, lione mwenyewe, fundi yupo, nitamwita."

"Misumari ya upande huu aligongelea nani?"

Nilimwangalia Bwana Mita. Alikuwa amesimama mlangoni, nguo imepigwa pasi, anangojea nidanganye.

"Mimi," nikasema.

"Na upande wa pili?"

"Mimi," akasema yeye. "Tulisaidiana. Ni mke wangu."

Afisa akajikuna sikio. Naamini hakufurahia. "Mama, mimi siamui, naandika ninachokiona. Lakini hukumu ya Mahakama ya Juu inasema paa lililoungana. Haikusema bati."

"Ni turubai!"

"Linazuia mvua?"

Juu yetu mvua ilikuwa inanyesha, na chini tulikuwa wakavu, sote watatu.

"Linazuia."

"Basi ni paa," akasema taratibu, akaandika.

Alipoondoka nilimpigia wakili. Akasema maombi haya yatatupwa, na tukileta mengine swali la kwanza litakuwa nani alishika nyundo, maana imeshaandikwa paa tuliliunganisha wenyewe, mke na mume. Nikamuuliza tukate rufaa wapi. Akasema, "Mama, hayo ni maneno ya Mahakama ya Juu. Juu yake hakuna kitu."

Mvua ilikatika jioni, jua halijazama. Mwalimu alikuja na ngazi ya fundi begani, kalowa mpaka magotini, anamtukana Bwana Mita kwa lugha ambayo wanafunzi wake wasiisikie. Nikapanda niling'oe lile turubai. Nilisema liwalo na liwe, angalau nilione jua langu. Nikafika juu, nikalishika ukingoni, mkono ukasimama.

"Nini?" mwalimu akauliza kutoka chini.

Turubai la dukani huja pana, limekunjwa mraba. Hili lilikuwa jembamba na refu, urefu wa nyumba yangu, upana wa mwanya wangu na wa kugongelea misumari. Kingo zake zilikuwa zimekunjwa na kushonwa kwa cherehani, uzi wa bluu. Na pale misumari ilipopita palikuwa na vitundu vilivyotiwa pete za chuma, kimoja kimoja, kila kimoja juu ya mbao yake. Hakuna hata kimoja kilichokosea. Lilikuwa limepimwa, likapelekwa kwa fundi cherehani, likakunjwa, likawekwa ndani kungojea mvua, tangu siku ile aliposhuka kwenye ngazi akajipangusa mikono.

Uani nikasikia kufuli likigonga geti. Nilimwona kutoka kule juu, anaangalia saa yake, halafu mimi.

"Mwalimu atoke," akasema. "Saa moja inakaribia."

Na mimi, jamani, jana yake nilimwambia asante.