Farasi Wenye Bolti Shingoni

Miaka tisa Sharifo hakulala kwa mwanawe Sufian. Akitoka Bungoma kuja Kitale, alinywa chai mlangoni, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akarudi kwa binti yake Mulki kabla ya magharibi. Sababu ilikuwa farasi. Sufian alikuwa fundi wa kuchomea madirisha na mageti pale Matisi, na hakuna aliyemfundisha kuunda farasi. Alianza tu, kwa vyuma chakavu na vipande vya bati, ua ukajaa. Kwa Sharifo ua ni nyumba, na nyumba yenye sanamu malaika wa rehema hawaingii. Malaika wasipoingia, yeye ni nani aingie?

Sasa Mulki alikuwa amepata kazi Uarabuni. Mama hakuwa na pa kubaki ila kwa Sufian, na Sufian, mtu mzima mwenye ndevu, alimtaka mama yake nyumbani mpaka akakosa usingizi. Alikwenda kwa sheikh wa mtaa. Sheikh akamwambia sanamu isiyo na kichwa si sanamu. Mwingine angeuza farasi wote akapumzika. Sufian, king'ang'anizi, alikata shingo zote saba akazitia bolti, ili vichwa vitoke na kurudi. Siku ya mama kufika alivifungua vyote akavitia guniani.

Sharifo alipita katikati ya farasi wasio na vichwa, akatandika mkeka wake, akaswali. Alipomaliza akauliza.

“Vichwa uliweka wapi?”

“Kwa gunia, Mama.”

“Leta moja nione.”

Wateja wote walivisifu vile vichwa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na Sharifo alikulia kaskazini, kwenye boma la baba yake, Adan, aliyekuwa na farasi. Alikigeuza kichwa mara mbili.

“Hii ni punda.”

Sufian alitahayari. Farasi wa kweli alikuwa amewaona kwa mbali tu, nyuma ya ua wa shamba la mzungu. Sura alijifunzia kwa punda wa Phanice, mchuuzi wa maji wa Kipsongo.

Sharifo akageukia ukuta, tasbihi mkononi.

“Mimi sitengenezi kitu. Mimi nakumbuka farasi ya baba yangu tu. Masikio fupi. Pua nyembamba. Macho iko kando, kubwa, kama ya mtu ameitwa jina.”

Kwa wiki mbili mama alikumbuka na mwana akachomea. Ijumaa moja farasi wa nane alisimama uani, na huyo hata Phanice asingemwita punda. Sharifo alimtazama, machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Kisha akaangalia shingo.

“Bolti iko wapi?”

“Sikuweka.”

Hakuweza. Kichwa na shingo vilikuwa kitu kimoja. Kuvitenganisha ni kumchinja. Hata hivyo mama ni mama. Sufian alichukua grinda ya kukatia chuma akaiwasha.

“Zima hiyo mashine,” Sharifo akasema. “Kwa Khairunisa kuna kitanda?”

Khairunisa alikuwa jirani, mjane, ng'ambo ya barabara.

“Iko.”

Mama akachukua mkeka na begi lake, akavuka. Sufian alilia. Miaka tisa ya kungoja, na sasa mama yuko hatua ishirini, lakini si kwake. Ila kila asubuhi baada ya swala alirudi kunywa chai, mlangoni vilevile, amemwelekea farasi.

Mvua za masika zilipoanza, Sufian alitoka asubuhi moja akakuta mgongo wa farasi umelowa chepechepe, na kichwa kimefungwa vizuri kwa mtandio wa mama yake. Moyo ukamshuka. Mama alikuwa mlangoni, kichwa wazi chini ya mwavuli wa Khairunisa, kikombe mkononi.

“Mama, umefunika yeye kwa sababu ni sanamu?”

Sharifo akapuliza chai yake.

“Kunanyesha,” akasema.