Fundi Pima na Springi Zilizokatwa

Walimwita Fundi Pima kwa sababu hakufunga nati bila kuipima mara mbili, na ukimharakisha aliipima mara ya tatu kwa kusudi. "Mpelekee Pima," wateja waliambiana, "utachelewa, lakini utafika." Yeye alicheka nao. Mkewe, aliyeuza vipuri kwenye chumba kilichopakana na karakana, hakucheka. Alijua uangalifu ule mumewe hakuzaliwa nao.

Miaka kumi na mmoja nyuma, kijana aliyekuwa akisomea dawa alimletea gari dogo kuukuu alilolipenda kama mboni ya jicho. Alitaka liwe chini, lilale barabarani kama magari ya mashindano. Springi fupi za dukani hakuzimudu. Fundi akashika gurainda, akakata mzunguko mmoja na nusu kwenye kila springi, akazirudisha mahali pake. Kazi ya asubuhi moja. Gari likashuka, kijana akarukaruka kwa furaha, na Fundi akajiona hana mwenzake mjini.

Siku ya tisa gari lilipita kwenye tuta. Gurudumu la mbele likaning'inia, na springi ile, ambayo sasa ilikuwa fupi kuliko nafasi yake, ikateleza kutoka kwenye kikalio, kile kikombe cha chuma kinachoishikilia. Gurudumu liliporudi chini, usukani haukumtii tena dereva. Gari likaenda kubamiza ukuta wa shule.

Kijana alitoka na roho yake, na goti lisilokunjika.

"Mwendo," Fundi aliwaambia waliokuja kuuliza. "Damu inachemka, wanafikiri barabara ni ya baba yao." Neno lile lilimtoka kirahisi mno. Gari lilikuwa limekokotwa hadi uani kwake, na kabla hajafika mtu wa kulikagua, springi zilizokatwa zilikwisha kutolewa, na nzima kuwekwa mahali pake. Kijana mwenyewe alizinduka hospitalini hakumbuki kitu. Aliambiwa alikuwa anakimbia, akaamini.

Basi Jumanne moja asubuhi, gari la spoti la rangi ya kijivu, viti viwili tu, liliingia karakanani. Mlango ukafunguka. Ulianza kutoka mguu mmoja ulionyooka kama mpini, kisha mwenyewe akafuata, ameshika paa la gari kujiinua. Amenenepa kidogo, ndevu zimemjaa, lakini uso ulikuwa ule ule.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," alijibu Fundi.

Kijana wa zamani sasa alikuwa mfamasia, ana duka lake la dawa. Alifungua buti akaonyesha sanduku lenye shokapu nne mpya, zile za kurekebisha: springi imevikwa juu ya shokapu yenyewe, na mwili wa shokapu umechongwa nyuzi kama bolti, ili uweze kupandisha au kushusha gari kwa kuzungusha.

"Nataka lishuke sentimita tatu," alisema. "Si zaidi. Silipeleki mashindanoni, nalitumia kwenda kazini."

"Mafundi wamejaa mjini."

"Wamejaa. Lakini nina deni la maneno kwako." Mfamasia akainamisha macho. "Wakati ule kuna watu walisema ni springi zako. Nikasikia ulipoteza wateja. Kumbe kosa ni langu, mguu wangu ulikuwa mzito kwenye mafuta. Sikuwahi kuja kukuomba radhi. Nimeona nije na kazi, nikuombe radhi hapo hapo."

Fundi alisema anakwenda kuchukua spana. Alipofika kwa mkewe alisimama tu mbele ya rafu, mikono mitupu.

"Nimemwona," mkewe alisema.

"Ameniomba radhi. Yeye. Mimi."

Mkewe aliendelea kupanga vichujio vya mafuta. "Maji yakimwagika hayazoleki, baba," alisema mwishowe, "lakini mtu mzima hupangusa sakafu, mwingine asiteleze. Spana ya ndoano iko nyuma yako."

Kazi ikaanza. Fundi alipima kwanza, kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, akaandika namba nne kwa chaki sakafuni. Akaliinua gari, akaliweka juu ya stendi, akavua magurudumu. Mfamasia alikuwa amevutiwa stuli, mguu wake umenyooshwa mbele, anauliza kila kitu kama mtu aliyezoea kusoma maandishi madogo kwenye chupa. Fundi alimwonyesha kwamba kwa shokapu hizi hushushi gari kwa kulegeza springi. Unazungusha mwili wote uingie ndani zaidi ya kishikio cha chini, na springi inabaki imebanwa vile vile. Kisha nati ya pili inaikaza ya kwanza, kama mtu na shahidi wake.

"Sasa gurudumu likining'inia," Mfamasia aliuliza, "springi haiwezi kuchomoka?"

Lilikuwa swali la kawaida. Mteja yeyote mwenye akili angeliuliza. Fundi alikuwa ameshika shokapu ya mbele kushoto, uzito wake umemlalia mkononi, na hapo akatambua kwamba akijibu swali hili kwa ufundi peke yake, atakuwa amedanganya mara ya pili.

"Hii haiwezi," alisema. "Ya kwako ilichomoka."

"Ya kwangu ipi?"

"Ile ya zamani. Nilizikata fupi mno. Hukuwa unakimbia, bwana mdogo. Gia ilikuwa kwenye namba mbili gari lilipoletwa hapa, niliiona kwa macho yangu. Springi ilitoka, nikazificha zote, nikasema ni mwendo."

Mfamasia alitazama goti lake kama anayesoma cheti kilichoandikwa jina la mtu mwingine. Kisha akajikokota kusimama, akatoka nje kwa miguu, akaliacha gari juu ya stendi, magurudumu yamelala ukutani.

Jumatano hakuja. Fundi hakuligusa gari, na katika kazi nyingine aliangusha soketi kwenye shimo la ukaguzi. "Atakushtaki?" mkewe aliuliza. "Akitaka nitakwenda mwenyewe," alijibu, na alishangaa kuona kwamba alisema kweli.

Alhamisi mchana Mfamasia aliingia, hakusalimu.

"Nimekuja na maswali. Ulipokata, ulijua?"

"Nilijua haifai. Sikujua itafika pale. Nilipenda ulivyokuwa unanisifu."

"Na ukaona nimelala hospitali, ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Kila siku nilisema kesho."

Mfamasia alivuta pumzi ndefu. "Mama yangu hajapanda gari ninaloliendesha miaka kumi na mmoja. Akitaka kwenda kliniki huomba jirani. Ananiambia, mwanangu nakupenda, lakini usukani huujui. Mbele za watu, Fundi. Mbele ya wachumba niliowapeleka nyumbani. Na mimi nilikuwa namwambia ni kweli mama, nisamehe."

Fundi alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Utamaliza kazi," Mfamasia aliendelea. "Kila nati utakayofunga utanionyesha, nami nitaikaza kwa mkono wangu. Kisha tutakwenda kwa mama, umwambie wewe, kwa kinywa chako."

Walifanya hivyo. Ilichukua mchana wote na asubuhi ya Ijumaa. Fundi alifunga, Mfamasia akakaza, kushoto kisha kulia, mbele kisha nyuma. Walilishusha gari chini, wakalisukuma mbele na nyuma ili springi zikae, wakapima: upande mmoja ulikuwa umezidi milimita nne. Fundi akaliinua tena bila kuulizwa. Walizungusha usukani hadi mwisho kila upande kuhakikisha tairi haligusi bodi, wakaangalia mipira ya breki kama haivutiki, wakapanga upya magurudumu na taa. Hawakuzungumza lolote nje ya kazi. Mara moja tu Mfamasia alisema, "Una mikono mizuri," akanyamaza ghafla kama aliyejing'ata ulimi.

Gari lilikuwa limekaa vizuri, chini kidogo, kama mtu aliyekunja magoti kidogo kabla ya kukimbia. Mfamasia aliendesha. Fundi alikaa kiti cha pembeni, amepakata kofia yake.

Mama walimkuta akipiga pasi mashuka. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Fundi alisimama karibu na mlango akasema yote, tangu gurainda hadi uongo, bila kuruka. Pasi ilikuwa inapumua mvuke kwenye kibao chake.

"Ulikuja hospitali," mama alisema alipomaliza. "Ulikaa nami kwenye benchi. Ulinishika mkono."

"Ndiyo, mama."

"Ukanishika mkono, na hili ukiwa nalo."

"Ndiyo, mama."

Alikunja shuka moja kwa pembe zake nne, polepole. "Sina la kukwambia leo. Nikilipata kesho, sidhani litakuwa zuri. Lakini umekuja ukasema kwa kinywa chako, hilo nimeliona." Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti ikavunjika. "Na wewe mwanangu, miaka yote hii nakuita mzembe, unaitikia?"

"Niliamini, mama."

Mama alizima pasi. Akachukua mtandio, akajifunga, akatoka nje, nao wakamfuata. Akalizunguka gari mara moja, akainama kuchungulia kiti.

"Hili ni gari au mkeka?" aliuliza. "Mtu anaingiaje?"

"Unakaa kwanza, mama, miguu ndiyo inafuata."

Aliketi, akashtuka alivyozama, akacheka huku anafuta macho kwa upindo wa mtandio. Mfamasia akafunga mlango wake taratibu, akazunguka, akajiingiza na mguu wake ulionyooka. Viti vilikuwa viwili tu. Alishusha kioo akamtazama Fundi.

"Springi mpya hutulia baada ya siku chache," Fundi alisema. "Zipimwe tena baada ya kilomita elfu moja. Kwa fundi yeyote unayemwamini."

"Nitaona," alisema Mfamasia, na gari likaondoka.

Fundi alitembea hadi karakanani, mwendo wa saa nzima, jua limesimama utosini. Mkewe alikuwa anamalizia kumhudumia mteja. Alisubiri mteja aondoke.

"Wamekusamehe?"

"Hapana."

Mkewe alimtazama jasho lilivyomlowesha, viatu vilivyojaa vumbi, na mabega ambayo hakuwa ameyaona yamelegea namna ile tangu siku nyingi.

"Umekula?"

"Sijala."

Akamvutia kiti, akaenda kumpakulia.