Matango Yenye Kiu

Baba alitafuna kipande cha kwanza polepole, akakimeza, akachukua cha pili. Binti yake alisimama kwenye mlango wa jikoni, kisu bado mkononi. Alikuwa amekata vichwa vya matango na kuvisugua kwa chumvi mpaka povu jeupe likatoka, na bado alipoonja, uchungu ulimshika mpaka kooni.

"Kimya," kaka yake alisema huku amekunja uso, "hili ni tango au klorokwini?"

Kimya ndilo jina walilompa nyumbani tangu utoto, na halikuhitaji maelezo.

"Wewe kula ufunge mdomo," Baba alimwambia kaka. "Tango la shamba langu haliulizwi."

Akaimaliza sahani yote peke yake. Kimya alitamani angevitema vile vipande, angelalamika, angesema lolote.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipostaafu alipata kipande cha bustani nyuma ya tangi la maji la mtaa, mahali ambapo majirani walilima mboga za nyumbani na kumwagilia kwa bomba moja. Kiangazi hiki alipasuliwa nyonga. Kabla hajaingia hospitali alimshika Kimya mkono akamwambia, "Mama, usiache matuta yangu yafe." Kimya alikuwa amemaliza chuo, anafanya kazi maabara, na kazi aliipenda kwa sababu sampuli hazisalimiani. Lakini alikubali. Angemkataliaje?

Siku ya kwanza alikuta foleni bombani. Mbele yake mwanamke alikuwa ameinama akiinua ndoo, kitenge kichwani, mgongo umepinda kama wa mtu aliyekula chumvi nyingi. Kimya alijikaza, akatoa salamu yake kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

Mwanamke akageuka. Uso haukuwa na hata kunyanzi moja.

"Shikamoo? Mwenzangu, mimi na wewe rika moja, tungeweza kuolewa siku moja!"

Bomba zima lilicheka. "Itikia, bibi!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Sema marahaba, mjukuu anangoja!" Mwanamke mwenyewe alicheka kuliko wote. Kimya aliondoka na ndoo tupu, masikio yanamwaka.

Tangu hapo alikwenda bustanini saa za mchana, kwenye mapumziko ya kazi, jua la utosi, watu wakiwa majumbani. Saa hizo bomba lilitoa matone tu. Alipata nusu ndoo, akaigawa kwa matango yote, kijiko kijiko kama dawa. Siku nyingine hakwenda kabisa.

Na kila jioni Baba, akiwa kitandani, aliuliza, "Leo umekutana na nani bombani?"

"Watu wote. Wanakusalimia."

Uso wa Baba ulichanua alipoambiwa hivyo, basi kesho yake Kimya akaongeza kidogo. Yule fundi cherehani, ndiye mwanamke wa ile shikamoo, anauliza nyonga inaendeleaje. Fundi cherehani anasema matuta yako yanapendeza. Fundi cherehani anakuombea. Kimya alizitunga salamu hizo njiani, na alizitunga vizuri mno.

Sasa Baba alifuta mdomo, akasukuma sahani. "Jumamosi nakwenda bustanini. Lazima nimshukuru yule fundi kwa mdomo wangu."

Ijumaa mchana Kimya alibeba maji ndoo kwa ndoo kutoka nyumbani, akamwaga mpaka mikono ikatoka malengelenge. Udongo uliyameza na kurudi kuwa vumbi. Maji ya siku moja hayadanganyi macho ya mkulima.

Jumamosi jioni kaka aliazima gari. Baba alishuka kwa magongo, na watu wakaacha majembe.

"Mzee! Umefufuka!"

"Kaburi lilikuwa fupi, miguu ikabaki nje!" Baba alijibu.

Alipomwona fundi cherehani, Baba alimnyooshea mkono. "Asante sana kwa salamu, mwanangu. Kila siku ulinikumbuka. Zilinipa nguvu."

"Salamu zipi, mzee?" Fundi aliwatazama wote wawili. "Sisi tulidhani bado uko hospitali. Kipande hiki tulijua umekiacha. Mimi ndiye nasimamia bomba na vipande mwaka huu, na jana tu tulikuwa tunasema apewe mtu mwingine."

Baba aligeukia bustani. Aliyatazama matuta yake. Majani yalikuwa yananing'inia kama matambara ya kudekia, na katikati yake matango yamejikunja, manjano kichwani, membamba kiunoni.

"Kumbe salamu zangu," alisema taratibu, "ulikuwa unanipikia wewe nyumbani."

Kimya aliangalia vidole vya miguu yake.

"Kwa nini, mama?"

"Nilimwamkia."

"Ulimwamkia nani?"

"Yeye. Shikamoo. Wakacheka."

Kaka alianza kucheka, Baba naye akamfuata mpaka akashika nyonga kwa maumivu, na kicheko hicho kilimchoma Kimya kuliko kofi. Fundi cherehani peke yake hakucheka.

"Na mimi siku ile nilicheka kwa sababu watu walikuwepo," alisema. "Nilipofika nyumbani nilisimama mbele ya kioo cha wateja mpaka mboga ikaungua. Kesho yake nikanunua piko." Alivuta kitenge nyuma, nywele zilikuwa nyeusi tii, na paji la uso lilibaki na doa la rangi. "Nashona nimeinama tangu alfajiri. Mgongo umenitangulia uzee, mimi nakuja nyuma."

Kimya aliliangalia lile doa. Muda wote huo alikuwa ameuguza aibu moja tu, yake. Hakuwahi kujiuliza kama yule aliyeamkiwa naye alikuwa na yake.

"Nisamehe, ma..." Akakwama. Dada? Mama? Shangazi? "Nisamehe," akasema basi.

"Nimesikia." Fundi alikifunga kitenge. Akamgeukia Baba. "Mzee, kipande chako sikitoi. Lakini aje jioni, pamoja na watu wengine. Mchana maji hayafiki huku, hata wewe unajua."

"Atakuja," Baba alisema. Kisha akamwelekeza Kimya kwa gongo. "Hayo yaliyozaliwa na kiu hayaponi, hata uyamwagie mto. Chuma yote. Acha maua."

Kimya alichuma mbele za watu, akayajaza kwenye upindo wa gauni, akayapitisha kati ya matuta ya majirani yaliyoshiba maji mpaka kwenye lundo la takataka. Kaka yake alifungua mdomo, akamwona Baba, akaufunga.

Kisha Kimya alichukua ndoo, akajipanga foleni. Fundi cherehani alikuwa bombani akiwajazia watu kwa zamu, wala hakumtupia jicho. Nyuma ya Kimya mtu alikohoa.

"Ndiye wewe binti wa mzee dereva?"

"Ndiyo."

"Ati?"

Watu wawili watatu waligeuka. Uso ulipata moto.

"Ndiyo," alisema tena, kwa sauti. "Ni mimi."